Aliyemwezekea Mama Justina

Majengo, Sumbawanga
2 Oktoba 2023

Kwako Mzee Zenon,
Kasanga.

Shikamoo. Mimi na mume wangu Steven hatujambo. Mgonjwa ni nyumba yako.

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho ulinikatia, nami nikakupigia tena ili nikukatie, nikakuta umezima! Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Mathias, amechoka kutuamua. Amesema kuanzia sasa mwenye nyumba na mpangaji waandikiane, barua zipite kwa Loth, kondakta wa basi la Kasanga, na nakala ibaki kwake. Kwa hiyo hii ni barua, na ndani yake kuna notisi. Nisome vizuri.

Nina mimba, Mzee! Ndiyo, mimi Bertilla! Miaka tisa nimeolewa, miaka tisa mawifi wananitazama tumbo kabla ya kunitazama uso, na sasa daktari anasema mwishoni mwa Novemba napakata mtoto. Steven alipoambiwa alizima lori katikati ya barabara ya Tunduma, akashuka, akacheza peke yake. Mahindi ya watu yamepakiwa, yeye anacheza!

Sasa huyu mtoto atalala wapi? Chumba cha kulala kinavuja palepale kilipovuja mwaka juzi na mwaka jana. Msimu uliopita niliweka mabeseni manne na sufuria ya ubwabwa. Kitanda tumekihamisha mara tano kukwepa maji, sasa kimefika mlangoni, kikihama tena kitakuwa barabarani. Kila mwaka nakuambia, kila mwaka unasema "nitaangalia". Miaka minne hujakanyaga hapa, unaangalia na jicho gani?

Na aibu nyingine iko njiani. Mwezi huu ni wa Rozari. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika inasali kila jioni nyumba tofauti, na sanamu ya Mama Maria inalala pale tuliposali hadi kesho yake. Kwangu ni Jumatano, tarehe 11. Mama wa Mungu atalala chini ya dari yenye ramani ya Kongo nzima pamoja na mito yake.

Notisi ndiyo hii: mpaka tarehe 30 Oktoba kama hakuna bati mpya juu ya kitanda changu, nahama, na kodi niliyolipa mpaka Januari utanirudishia.

Mpangaji wako,
Bertilla

---

Kasanga
5 Oktoba 2023

Bertilla,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Nyumba hiyo niliijenga kwa mikono hii mwaka 1994, wewe ukiwa unanyonya. Tofali nilichoma mwenyewe. Mpangaji aliyekutangulia alikaa miaka sita na sikuwahi kuisikia sauti yake. Anaamka, anakwenda kazini, anarudi, analala. Wewe mwaka wa nne tu unanitishia na mwenyekiti! Hayo maji kwenye dari ni mvuke. Mnapika sana humo ndani na madirisha mmefunga.

Kuhama ni miguu yako, sitaishika. Kodi hairudi, soma mkataba.

Kuhusu ujauzito, hongera. Kula samaki. Nimempa Loth migebuka mitano mikavu, na si kwa ajili yako, ni ya mtoto. Akikuletea minne, mdai.

Sina zaidi. Mimi si mtu wa maneno. Mengine utayaona kwa macho.

Zenon

---

Kasanga
20 Oktoba 2023

Bertilla,

Wiki nzima imepita, na kwako kimya. Kwa hiyo sasa unalala, eh? Mdomo umepata kufuli?

Sikudai ngoma wala ng'ombe. Asante tu, hata kwa kumtuma Loth, hata kwa simu, ningeipokea. Lakini mtu anatendewa jambo, anajifunika blanketi, anakoroma! Nyie vijana wa siku hizi mlilelewa wapi?

Nasubiri.

Zenon

---

Majengo
23 Oktoba 2023

Mzee Zenon!

Shikamoo nakupa kwa sababu ya umri wako tu.

Asante ya nini? Ya migebuka? Ilikuwa mitano, ilikuwa mitamu, asante. Ya dari je? Nikuandikie asante ya dari? Kongo yako bado ipo hapa juu, na juzi imeongezeka mto mwingine kwa umande tu! Nimeisoma barua yako mbele ya Mzee Mathias, hata yeye aliyezoea vituko vyako amevua miwani akaifuta. Unanikejeli, Mzee. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane unamwambia anakoroma.

Ngoja nikuonyeshe watu wanavyotendewa na Mungu, ili uone aibu.

Humjui Mama Justina, mjane mwenye shamba la ulezi, aliyehamia nyumba ya tatu kutoka kwako baada ya wewe kuacha kuja. Paa lake lilikuwa nailoni, mawe na imani. Miaka mitatu anamwomba Mtakatifu Yosefu ampe paa, kwa sababu anasema Yosefu ni fundi na mafundi ndio wanaojua shida ya kuvujiwa. Sisi tulikuwa tunamcheka kwa siri, Mungu anisamehe.

Ijumaa tarehe 13 Rozari ilikuwa kwake. Tumepiga magoti, sanamu ipo kwenye meza yenye kitambaa cheupe, tunamalizia sala. Hodi! Mtu mgeni kabisa yuko mlangoni, nyuma yake mkokoteni, na juu ya mkokoteni bati mpya! Bati nyekundu, Mzee, zinang'aa kama zimepakwa mafuta! Akauliza, "Hapa ndipo anapolala Mama Maria leo?" Sote tukajibu kwa pamoja, "Ndipo!" Akasema, "Basi nipeni ngazi."

Mzee, nywele zilinisimama! Tukamuuliza katumwa na nani. "Mzee." Mzee yupi? "Nimekatazwa kusema." Mama Justina akaanguka chini: "Fundi! Mzee! Hataki kutajwa! Ni nani kama si Yosefu mwenyewe?" Hapo nyumba ikalipuka. Mimi na tumbo langu ndiye niliyeongoza vigelegele. Yule fundi alianza siku ileile, akaendelea Jumamosi kutwa, na mimi ndiye niliyempikia ubwabwa na maharage. Haongei! Anakula, anapiga misumari. Alipomaliza akakunja vitu vyake akaondoka, na hakudai chochote.

Mbinguni wanaezeka bure, Kasanga wanadai asante! Una haya wewe?

Nimepata vyumba viwili kwa Mama Herieth, mtaa wa pili. Mwisho wa mwezi nahama. Andaa kodi yangu.

Bertilla

---

Kasanga
26 Oktoba 2023

BERTILLA!

Bati nyekundu? Ngapi? Ulizihesabu? Ni kumi na mbili! Fundi ana kovu kwenye kidevu na anakula kimya kimya? Huyo ni Eustaki! Hizo bati ni ZANGU!

Nimeshindwa kukaa. Naandika nikiwa nimesimama dirishani na watu wa boti wananiangalia.

Sikiliza. Niliposoma barua yako ya kwanza nilikasirika, kweli. Nikakujibu kwa hasira, kweli. Lakini hapa Kasanga najenga nyumba yangu ya uzeeni, kuta zimesimama mwaka wa pili, na bati za kuanzia nilikuwa nimeziweka stoo kumi na mbili. Nikazitoa. Nikamwita Eustaki, nikamwambia: nenda Majengo, kaezeke chumba cha kulala cha nyumba yangu, na usiongee na mpangaji, maana yule mama ana mdomo, atakupangia kazi nyingine kumi. Nilitaka siku moja uamke uangalie juu, ushikwe na aibu. Ndiyo maana sikukuandikia.

Eustaki haijui Majengo. Nikamwambia: fika Jumatano, uliza nyumba ambayo Mama Maria analala leo, hata mtoto mdogo atakupeleka. Maelekezo gani mazuri kuliko hayo? Ulikuwa umeniandikia mwenyewe kwamba tarehe 11 ni kwako! Lakini basi lake likaharibika Matai. Siku mbili likakaa hapo, na yeye ana wakwe hapo Matai, na wakwe wana pombe ya ulezi. Akafika Ijumaa. Akauliza swali lilelile! Nimemkamata leo asubuhi nikamuuliza, "Hukujua sanamu inahama?" Akasema, "Uliniambia niulize, nikauliza, wakasema ndipo." Nimeshindwa hata kumpiga.

Nakwambia na jambo lingine, kwa sababu nimekasirika na nikikasirika nasema. Marehemu mke wangu, Scola, alisubiri mtoto miaka kumi na moja. Hakupata. Kitanda chake kilikuwa chumba hichohicho chenu, chini ya dirisha. Barua yako nilipofika kwenye ile miaka tisa, nikaenda stoo kutoa bati. Hukuniona, lakini nilikwenda mbio.

Kwa hiyo bati zile ni za mtoto wako. Si za Justina, wala Yosefu hahusiki! Jumamosi tarehe 11 Novemba, boti yangu ikisharudi kutoka Mpulungu, Zambia, nakuja na Eustaki. Tutaziezua moja baada ya moja na kuziweka zinapostahili. Usihame.

Zenon

---

Majengo
30 Oktoba 2023

Mzee wangu Zenon,

Shikamoo, na hii ya leo ni ya moyoni.

Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka mtoto akanipiga teke. Halafu nikafika kwa Mama Scola, nikalia. Steven alikuwa nyumbani, akadhani uchungu umeanza, akawasha lori! Nisamehe kwa yote niliyosema. Si yote. Kwa mengi.

Nikwambie ukweli mwingine. Nilipomaliza kusoma, wazo la kwanza lilikuwa kwenda kuziezua mwenyewe. Ni zangu! Za mwanangu! Nikatoka kwa hasira, nyundo sina lakini nia ninayo. Hujui shida niliyo nayo: Mama Herieth amesikia kuna kichanga kinakuja, amesema hataki kelele, vyumba kampa mwalimu. Sina pa kuhamia, na jana mvua ya kwanza imeshuka. Beseni tatu, godoro limelowa upande wa Steven.

Basi nikaingia kwa Mama Justina, na mvua ya mchana ikaanza nikiwa mlangoni. Unajua nilimkuta anafanya nini? Ameweka kigoda katikati ya nyumba, amekaa, mikono ameifumbata, anaangalia juu na kucheka peke yake. "Sikia, Bertilla! Inapiga kelele yote hiyo na haiingii!" Akanivuta nikae naye. Tukakaa. Mzee, niliangalia zile bati kumi na mbili, nikajua kila moja ni yangu, na nikacheka naye.

Kama atang'olewa paa kwa ajili yangu, kitanda kile sitalala. Nitakuwa naangalia juu na kuona uso wake. Usije. Nakusihi. Mimi na Steven tutanunua turubai, tutajibana. Na yeye sijamwambia chochote.

Mpangaji wako asiye na pa kwenda,
Bertilla

---

Kasanga
3 Novemba 2023

Bertilla,

Nakuja. Turubai ni la kufunikia mahindi.

Zenon

---

Majengo, nyumbani kwa Mama Justina
14 Novemba 2023

Mzee Zenon,

Shikamoo! Shikamoo tena! Nimejifungua! Mvulana! Amekuja wiki tatu kabla ya wakati wake, Jumatano tarehe 8, kilo mbili na nusu, na sauti yake wewe na mimi tukiunganisha zetu hatumfikii!

Alhamisi nikaruhusiwa hospitali. Steven yuko Tunduma, simu hashiki. Nafika nyumbani na kichanga mkononi, mvua inashuka kama imetumwa, nafungua mlango: kitanda ni bwawa. Turubai lenyewe limejaa maji katikati, limening'inia. Nikasimama hapo mlangoni, sina hata pa kumlaza, nikaanza kulia kwa sauti. Mama Justina alinisikia. Akaja mbio na mfuko wa mbolea kichwani, akamchukua mtoto, akamfunga kwenye kanga yake, akaniambia, "Twende kwa Yosefu." Kitandani kwake amenilaza mimi, yeye yuko kwenye mkeka. Usiku na mchana mvua, na tone halijanigusa mimi wala mtoto.

Sasa Jumamosi. Mimi nilikuwa nimelala fofofo, haya ninayokwambia ni ya Mama Justina, na anayasimulia kwa kila anayepita, hata muuza mboga. Anasema alifungua mlango akamwona yule fundi wa kwanza amebeba ngazi. Na safari hii hakuwa peke yake! Amekuja na Mzee mwenyewe! Ndevu nyeupe, nyundo mkononi, uso mkali, viatu vya matope. Mama Justina akapiga magoti papo hapo, kwenye maji. Mzee akaanza kusema jambo. Ndani mtoto akalia. Mzee akauliza, "Nani huyo?" Akajibiwa, "Mtoto wa jirani yangu Bertilla, kwake kunavuja, mwenye nyumba wake ana roho ngumu." (Samahani, Mzee, hilo nililisema mimi zamani.) Mzee akavua kofia, akaingia kwa kunyata, akamtazama mtoto muda mrefu. Akatazama juu, kwenye bati. Akavaa kofia, akatoka. Mama Justina anaapa kwamba Mtakatifu Yosefu alikuja kukagua kazi yake na akaridhika.

Halafu leo Eustaki kaja kwangu na bati kumi na mbili kuukuu, matundu ya misumari yamezibwa kwa lami, na chumba changu cha kulala kimeezekwa tangu asubuhi. Nikamuuliza zimetoka wapi. "Nimekatazwa kusema." Lakini Loth amenipitia. Ameniambia stoo yako hapo ufukweni imebaki na kuta tu, na mizigo umeifunika na turubai.

Mzee, asante! Notisi yangu ya tarehe 2 Oktoba, ichane! Mzee Mathias amechana nakala yake mbele yangu, tena kwa furaha.

Lakini kuna jambo nataka uamue wewe. Jumapili ijayo jumuiya nzima inatoa Misa ya shukrani kwa Mtakatifu Yosefu. Mama Justina atasimama mbele ya kanisa na kusimulia yote. Mtoto keshampa jina, anamwita Yosefu, na Steven amekubali kwa simu, anapiga honi tu huko aliko. Niwaambie ukweli kabla ya Jumapili? Bati ni zako. Ni haki yako watu wajue ni nani, na mimi nakula kiapo kwamba vigelegele nitaviongoza tena, kwa jina lako. Sema neno moja, nitasimama.

Mpangaji wako,
Mama Yosefu

---

Kasanga
17 Novemba 2023

Mama Yosefu,

Marahaba, marahaba. Hongera mara saba. Migebuka kumi iko kwa Loth, na safari hii mibichi kwenye barafu, mwambie akimbie.

Kwanza mambo ya nyumba. Bati zile ni kuukuu, usizitolee maneno. Kofia ya paa, lile bati la kileleni, Eustaki alikosea, atairudia wiki ijayo, nimeshamfokea. Ukuta nilioona Jumamosi nilipopita kwako, umeoza upande wa choo, kwa nini hukuuandika? Barua nzima ramani ya Kongo, ukuta hakuna! Siku nyingine orodhesha vyote. Kitanda kirudishe mahali pake pa zamani, chini ya dirisha.

Pili, turubai stoo linatosha. Boti yangu imebeba mahindi ya watu miaka thelathini chini ya turubai.

Sasa hilo la Jumapili. Nimelala nalo siku mbili, nikaamka nalo siku mbili. Nilipokuja kwa Justina nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga tangu Matai: mimi ni Zenon, bati hizi ni zangu, fundi alipotea, samahani mama, tupishe tufanye kazi. Nikamkuta amepiga magoti kwenye maji ananitazama. Tangu Scola afe, hakuna mtu aliyenitazama hivyo, wala hata alipokuwa hai hakunitazama hivyo, alikuwa ananijua. Nikaingia ndani nikakuta zile bati zimekufunika wewe na mtoto, ndio niliowatolea stoo, bila mimi kupanga chochote. Ningeezua nini tena?

Njiani Eustaki akaniuliza, "Mzee, sasa kule tulikosea au hatukukosea?" Nikamwambia anyamaze abebe ngazi.

Ukweli naupenda na jina langu nalipenda, wewe unanijua. Mshipa uliniuma niliposoma kwamba kanisa zima litamshukuru mwingine. Uliniuma sana. Lakini ukimwambia yule mama kwamba ni Zenon tu, yule wa roho ngumu, na kwamba fundi alilewa Matai, utakuwa umemwezua wewe mwenyewe.

Asiambiwe. Jumapili piga vigelegele kwa Yosefu, tena kwa nguvu. Bati zangu kumi na mbili nitamdai mwenyewe tukikutana, na kwa umri wangu huu hatachelewa kuniona.

Zenon